Ngome ya Lamu na Bara Iliyoilisha

Lamu ikitajwa, wengi wetu huona kisiwa kimoja, mji mmoja wa mawe, punda wachache na milango iliyochongwa. Picha hiyo si ya uongo, ila ni ndogo mno. Kaunti ya Lamu ina eneo linalozidi kilomita za mraba 6,000, nayo sensa ya mwaka 2019 iliwakuta humo watu 143,920 tu, ambao sehemu kubwa yao hawaishi katika mji huo unaopigwa picha. Wako Mpeketoni, Witu, Hindi na Mkunumbi, wako katika vijiji vya Wabajuni vya kisiwa cha Pate na vya pwani ya kaskazini hadi Kiunga, na wako katika msitu wa Boni karibu na mpaka wa Somalia. Hii ni kaunti ya mashamba, mikoko, uvuvi na misitu, yenye maeneo mawili tu ya ubunge, na mji wake mashuhuri umekaa pembeni mwake, ng'ambo ya mkondo wa bahari.

Nimeandika makala hii kwa sababu naona jengo kubwa kuliko yote mjini humo, Ngome ya Lamu, huelezwa kwa kawaida kana kwamba lilihusu bahari peke yake: maadui walikuja kwa majahazi, mizinga ikaelekezwa majini, mji ukasalimika. Mimi naamini ngome hiyo haielezeki bila bara iliyo mbele yake. Nafaka zilizolipa gharama za wakubwa wake zilitoka bara, watumwa waliozilima waliishi bara, na waliomkimbia liwali, yaani gavana wa Sultani, walikimbilia bara.

Kwanza jengo lenyewe. Ni jumba la pembe nne lenye orofa mbili na ua mpana katikati, na minara ya mviringo katika pembe zake mbili zinazokabiliana. Kuta zake nene zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zimebebwa na boriti za mikoko. Boriti ya mkoko haifiki mbali; ikivuka takriban mita 3 huanza kupinda, na ndiyo sababu vyumba vya majengo ya kale ya pwani yetu, ya tajiri na ya liwali sawasawa, ni virefu na vyembamba. Chokaa nayo ilipatikana kwa kuchoma matumbawe juu ya tanuri la magogo hayohayo ya mikoko, halafu ikaachwa muda mrefu ipoe na kulainika kabla ya kupakwa. Zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya imo katika kaunti hii. Kwa hiyo hata kabla ya kuuliza nani alijenga na kwa nini, ngome yenyewe imetengenezwa kwa miamba ya bahari na kwa msitu wa maeneo ya jirani.

Leo anayesimama mbele ya lango lake, katika uwanja wa Mkunguni wenye mikungu inayowapa wazee kivuli cha kukaa na kuzungumza, huona nyumba na maduka kati yake na bahari. Haikuwa hivyo zamani. Ngome ilijengwa ufuoni, na ardhi iliyo mbele yake ilijazwa baadaye, hata sasa jengo liko umbali wa mita 70 hivi kutoka majini. Upande mmoja iko Mkomani, penye nyumba kubwa za mawe za koo za zamani, na upande mwingine Langoni, mtaa uliokua baadaye kwa wageni na wafanyabiashara. Soko liko ubavuni mwa ngome.

Aliyeanza kujenga hakuwa mtu wa Lamu. Kwa kauli iliyoenea zaidi, msingi uliwekwa na Fumo Madi, Sultani wa Pate wa nasaba ya Wanabahani, ambaye alifariki mwaka 1809 hata orofa ya kwanza haijakamilika. Pate wakati huo ilikuwa na madai ya kuitawala Lamu, na wazee wa Lamu walioendesha mambo yao katika baraza lao la Yumbe hawakuhitaji kuambiwa ngome ya Sultani wa Pate katikati ya ufuo wao ingemlinda nani dhidi ya nani. Ikumbukwe kwamba Pate ilikuwa dola kubwa. Karne ya 17 na ya 18 zilikuwa zama za utajiri wake, wa biashara na wa elimu, na Lamu ilikuwa jirani mdogo anayeinuka. Lamu ilikuwa imekwisha kuonja ukali wa watawala kutoka mbali pia, kwani mwaka 1506 ilikubali kulipa kodi kwa Wareno bila vita, na mwaka 1589 Wareno walimwua mfalme wake kwa kosa la kuwasaidia Waturuki waliokuja na Mir Ali Bey.

Uhasama huo wa majirani ulifikia kilele katika vita vya Shela, ambavyo wanahistoria wengi huviweka karibu na mwaka 1812 au 1813. Pate iliungana na Wamazrui, ukoo uliotawala Mombasa, jeshi likashushwa ufuoni Shela, upande wa kusini-mashariki wa kisiwa cha Lamu, ili liuingie mji kwa nchi kavu. Watu wa Lamu, chini ya uongozi wa mzee wao Bwana Zahidi Mngumi, ambaye ni mshairi anayekumbukwa pia kwa tungo zake za siasa, waliwakabili na kuwarudisha hadi pwani. Hapo maji yalikuwa yamekupwa, vyombo vimekwama mchangani, na waliotaka kukimbia hawakuwa na pa kukimbilia. Waliouawa walikuwa wengi kiasi kwamba mifupa yao iliendelea kuonekana katika vilima vya mchanga vya Shela kwa miaka mingi. Napenda sana habari hii kwa sababu inaonyesha jinsi vita vya pwani vilivyokuwa: si suala la mizinga tu, bali la nani anajua saa ya maji.

Ushindi huo uliwatia hofu walioshinda. Pate na Mombasa zingeweza kurudi, na safari ya pili huenda maji yangekuwa yamejaa. Wakatuma ujumbe Omani kwa Sayyid Said bin Sultan wakiomba ulinzi, naye akakubali upesi, kwa kuwa alikuwa akiwatafutia Wamazrui sababu. Alileta liwali na askari, na jengo lililoachwa na Fumo Madi likaendelezwa hadi likakamilika mwanzoni mwa miaka ya 1820. Mwaka unaotajwa sana ni 1821. Basi jengo lililoanzwa na mtu aliyetaka kuitawala Lamu lilimalizwa na mtu aliyeombwa kuilinda, na ukitazama mambo yalivyokwenda baada ya hapo, tofauti ya hao wawili si kubwa kama wazee wa Yumbe walivyotumaini. Liwali alikaa. Askari wake, wengi wao Mabulushi, walikaa. Kodi ya forodha ikaanza kwenda Unguja, ambako Sayyid Said alihamishia makao yake, na baraza la wazee likabaki na heshima lakini bila amri.

Sipendi kuwalaumu. Mtu aliye na adui wa pande mbili hutafuta rafiki wa mbali. Lakini kuna jirani aliyechagua vingine, na ngome yake bado imesimama, nayo ni lazima itajwe pamoja na hii.

Siyu ni mji wa kisiwa cha Pate, saa chache kwa mashua kutoka Lamu, uliosifika kwa wanazuoni wake, kwa nakala za Qurani zilizoandikwa kwa mkono, kwa mafundi wa ngozi, viatu na majambia, na kwa milango ya nakshi. Kiongozi wake katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 alikuwa Bwana Mataka wa ukoo wa Wafamau. Mwaka 1843 yeye pamoja na Sultani wa Pate walikataa kumtii Sayyid Said. Mwanzoni mwa 1844 Sayyid Said alishusha jeshi la watu wapatao 2,000 Faza, mji uliokuwa na ugomvi wa muda mrefu na Siyu, wakiwemo watu kutoka Muscat, Mabulushi na hata watu wa Lamu. Jeshi lilivamiwa njiani likielekea Siyu na kurudishwa nyuma, na baada ya wiki tatu Sayyid Said akatweka tanga akaondoka. Jaribio la mwaka uliofuata lilimgharimu amiri wake. Haikuwa mpaka mwaka 1863, Sayyid Said akiwa amekwisha kufa na mwanawe Majid akitawala Unguja, ndipo Siyu ilipovunjwa nguvu, na Muhammad, mwana wa Bwana Mataka, akaishia kufungwa katika Ngome ya Yesu, Mombasa.

Mkewe Bwana Mataka alikuwa Mwana Kupona binti Msham, mtunzi wa utendi ambao wanafunzi wengi wa fasihi ya Kiswahili wameusoma, aliomtungia bintiye Mwana Hashima mnamo mwaka 1858, baada ya kifo cha mumewe. Utendi huo hufundishwa kama mawaidha juu ya wajibu wa mke kwa mume, na mijadala juu yake haikwishi. Nadra mwalimu kutaja kwamba aliyeutunga alikuwa mjane wa kiongozi wa upinzani, akiandika miaka michache kabla ya mji wa mumewe kuanguka. Kwangu mimi hilo hubadilisha usomaji wote: huyu ni mtu wa nyumba iliyokuwa vitani, anayemwachia binti yake njia ya kuishi kwa heshima katika dunia ambayo baba yake hayumo tena.

Ngome ya Siyu ni ndogo kuliko ya Lamu, nayo imekaa kando ya mkono mwembamba wa bahari wenye mikoko pande zote. Hiyo ya Lamu ilimalizwa kwa nguvu za mgeni. Hii ya Siyu hutajwa na wenyeji kama kazi ya mikono yao wenyewe dhidi ya mgeni huyohuyo. Nashangaa kwamba vitabu vya shule huipa Lamu kurasa na kuipa Siyu mstari.

Turudi katika mashamba. Baada ya ngome kumalizika, na Mombasa ya Wamazrui kuangushwa na Sayyid Said mwaka 1837, amani ya Unguja ilifungua bara ya Lamu kwa kilimo kikubwa. Wenye mali wa mjini walimiliki mashamba ng'ambo, Hindi, Mkunumbi na kwingineko, wakilima mtama, mahindi na ufuta, na majahazi yakapeleka nafaka hizo pamoja na boriti, ngozi na pembe za ndovu hadi Arabuni. Nyumba nzuri za Mkomani zenye zidaka na mapambo ya chokaa, ambazo wageni huzistaajabia, zilistawi kwa pesa hizo. Na waliolima walikuwa watumwa. Jambo hili halisemwi kwa sauti kubwa katika matembezi ya utalii, na naelewa kwa nini, kwa kuwa wajukuu wa waliomiliki na wajukuu wa waliomilikiwa wanaswali msikiti mmoja leo. Hata hivyo, historia ya ngome isiyowataja ni nusu. Askari wa liwali waliokaa humo ndio waliokuwa nguvu ya mwisho iliyosimama nyuma ya mpangilio huo wote.

Wako waliokataa. Mtumwa aliyetoroka shamba la Lamu hakuwa na haja ya kuvuka bahari, kwa maana alikuwa tayari bara, na msitu ulikuwa nyuma yake. Watoro walijenga vijiji vyao, na wengi walipata hifadhi kwa mtu ambaye naye alikuwa mkimbizi wa aina yake: Ahmad wa Wanabahani, aliyeitwa Simba, wa ukoo wa masultani wa Pate, ambaye baada ya kushindwa na nguvu za Unguja alihamia bara na kuanzisha usultani wake Witu. Kwa miongo kadhaa Witu ikawa mwiba kwa Unguja na kwa wenye mashamba wa Lamu, ikipokea watoro na kila aliyekuwa na kinyongo na liwali. Naona ajabu kwamba nasaba iliyoanza kujenga Ngome ya Lamu ndiyo iliyokuja kuwapa hifadhi watu waliokuwa wakiikimbia ngome hiyohiyo. Sisemi Simba alikuwa mkombozi. Alihitaji watu wa kupigana na kulima. Ila mtoro aliyepokelewa Witu hakuwa na sababu ya kuchunguza nia.

Simba alitafuta naye rafiki wa mbali, na safari hii rafiki alikuwa Mjerumani. Ndugu wawili wa Kijerumani, Clemens na Gustav Denhardt, walifanya naye mkataba mwaka 1885, Witu ikawa chini ya ulinzi wa Ujerumani, na mwaka 1888 Wajerumani wakafungua posta mjini Lamu, nyumba ambayo sasa ni makumbusho madogo. Mwaka 1890 Ujerumani iliiachia Uingereza Witu katika mapatano yaliyohusu pia Unguja na kisiwa cha Heligoland. Watu wa Witu hawakuulizwa. Mwaka huohuo Wajerumani kadhaa waliuawa Witu, na Waingereza wakaushambulia na kuuchoma mji.

Utawala wa Kiingereza haukuhitaji kujenga ngome mpya. Lakini uliiacha Lamu kando kwa njia nyingine. Mwaka 1896 reli ilianza kujengwa kutoka Mombasa, na tangu siku hiyo bandari ya nchi ilikuwa imechaguliwa. Mwaka 1907 utumwa ulipoteza nguvu ya kisheria katika pwani ya Kenya, mashamba ya bara yakakosa wafanyakazi, wengi wa walioachiwa huru wakaenda zao, na sehemu kubwa ya ardhi iliyokuwa ikitoa nafaka ikarudi kuwa kichaka. Kilichoendelea kuuzwa nje kwa wingi kilikuwa boriti, hadi serikali ya Kenya ilipopiga marufuku kusafirisha mikoko nje ya nchi mwaka 1982. Mji ulijigeuza ukawa wa elimu ya dini zaidi kuliko wa mali. Msikiti wa Riyadha, ulioanzishwa na Habib Swaleh, sharifu aliyetoka Visiwa vya Ngazija, uliwavuta wanafunzi kutoka pwani nzima, na darasa zake ziliwapokea hata wale ambao koo kubwa za mjini ziliwaona si wa daraja lao. Na ngome? Mwaka 1910 iligeuzwa jela. Ikabaki jela chini ya Waingereza na baadaye chini ya serikali huru, hadi mwaka 1984. Miaka 74 ni muda mrefu, na mzee wa Lamu aliyezaliwa miaka ya 1930 hakuijua ngome hiyo kwa sura nyingine hadi utu uzimani.

Uhuru ulikuta bara tupu, na haukuleta utulivu. Vita vya mashifta katika miaka ya 1960 viliwaondoa Wabajuni wengi katika vijiji vyao vya pwani ya kaskazini. Wengine walihamia visiwani, wengine Malindi na Mombasa, na wengi hawakurudi katika mashamba yao. Waaweer wa msitu wa Boni, wanaoishi kwa kuwinda na kurina asali, walisogezwa kando ya barabara, kisha mwaka 1977 uwindaji ukapigwa marufuku nchini kote na sehemu kubwa ya maisha yao ikawa kosa la jinai. Katika miaka hiyohiyo ya 1970 serikali ilianzisha mpango wa makazi Mpeketoni, ikawaleta wakulima kutoka sehemu nyingine za Kenya, wengi wao Wakikuyu. Walifyeka, wakapanda pamba, mikorosho na mahindi, na ardhi ile ikazaa tena. Walipewa hati. Wenyeji wengi waliokaa pwani hiyo vizazi kwa vizazi hawakuwa nazo, na tofauti hiyo imetonesha siasa za kaunti tangu wakati huo. Katika mashambulizi ya Juni 2014 Mpeketoni na vijiji vya karibu, watu zaidi ya 60 waliuawa. Kundi la Al-Shabaab lilidai kuhusika, serikali ikanyoosha kidole kwa wanasiasa wa eneo hilo, na katika mabishano hayo waliosahaulika upesi walikuwa wakulima waliofiwa.

Baada ya wafungwa kuondolewa, ngome ilikabidhiwa Makumbusho ya Taifa ya Kenya na kukarabatiwa kwa msaada wa Sweden. Kilichonifurahisha katika historia ya ukarabati huo ni kwamba ulihitaji mafundi wa chokaa na boriti, ujuzi ambao saruji ilikuwa imeanza kuuzika. Sasa kuna maktaba, vyumba vya maonyesho, na ua ambao hutumika kwa mikutano na sherehe za mji. Mwaka 2001 Mji wa Kale wa Lamu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, na ngome ikawa alama yake. Hadhi hiyo imesaidia kuzuia ujenzi holela, lakini pia imekaza macho ya wageni mahali pamoja: pesa za uhifadhi huenda Mkomani, na Siyu, Pate na magofu ya Shanga, ambako wanaakiolojia walikuta mabaki ya msikiti wa karne ya 8, hupata makombo.

Wakati huohuo bara imerudi kuwa kiini cha mambo. Mei 2021 gati la kwanza la bandari mpya ya Lamu lilifunguliwa Kililana, upande wa bara, kama sehemu ya mpango wa LAPSSET unaokusudiwa kuunganisha pwani hii na Sudan Kusini na Ethiopia. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ilikuwa imeamua kwamba wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa maeneo ya uvuvi yaliyoharibiwa, na kwamba wenyeji hawakushirikishwa ipasavyo. Mwaka 2019 leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliopangwa kujengwa bara hiyohiyo ilifutwa na baraza la rufaa la mazingira, baada ya watu wa Lamu kupeleka kesi wenyewe. Safari hii hawakutuma ujumbe Omani.

Anayetaka kuiona historia hii kwa macho yake ningemshauri asiimalize Lamu mjini. Avuke kwa mashua hadi Mokowe, upande wa bara, apande basi, afike Witu, apite Mkunumbi na Mpeketoni akiangalia udongo. Kisha aende Siyu. Mashua za huko hupita kwenye mikoko maji yakiwa yamejaa tu, kwa hiyo ratiba ni ya bahari, si ya msafiri; manahodha wa gati la Lamu huijua, na ni vizuri kuwauliza tangu jioni iliyotangulia.